Pimpinela: kaka na dada walioimba ugomvi wa mume na mke

Mwanamke anaanza peke yake. Anatueleza kwamba ni miaka miwili na siku moja sasa anaishi bila yule mwanamume. Hajawa na furaha, analikubali hilo, ila amezoea. Na pale alipoanza kumsahau, usiku mmoja jamaa akarudi. Hapo ala zinatulia na wimbo unageuka mazungumzo ya mlangoni. Anauliza ni nani. Mwanamume anajitaja. Amefuata nini? Amemfuata yeye. Anaambiwa amechelewa. Akiuliza sababu, jibu linamtoka mwanamke kwa sauti ya juu, na kiitikio kinalipuka: aende zake, asahau jina, uso na nyumba, ageuze arudi alikotoka.

Mara ya kwanza kuusikia wimbo huu sikujua Kihispania zaidi ya salamu. Hata hivyo nilielewa kwamba kuna mlango, mmoja yuko ndani na mwingine nje, na aliye nje hatalala humo usiku ule. Unaitwa Olvídame y pega la vuelta, yaani "Nisahau, ugeuze urudi". Ulitoka mwaka 1982 huko Argentina, na ndio uliolipeleka jina la Pimpinela karibu kila mahali panapozungumzwa Kihispania. Na hawa wawili wanaofukuzana mlangoni, Lucía Galán na Joaquín Galán, si mume na mke wala hawajawahi kuwa wapenzi. Ni kaka na dada, baba mmoja mama mmoja.

Watu wengi wakiambiwa hilo kwanza huguna. Kaka na dada wataimbaje mapenzi wakitazamana machoni? Wasikilizaji wa Amerika ya Kusini nao waliguna, na wako walioamini kwa miaka kwamba hawa ni wanandoa halisi wanaoanika mambo ya chumbani. Mimi naona undugu huo, ambao wengi waliuona kasoro, ndio nguzo ya kazi yao yote. Ila ili ueleweke inabidi tuanzie mbali kidogo: muziki waliorithi, namna walivyougeuza, na sheria ya ndoa ya nchi yao.

Wazazi wao walitoka kaskazini mwa Hispania, wakavuka Atlantiki kama walivyovuka Wahispania na Waitaliano wengi walioijaza Argentina. Joaquín alizaliwa Buenos Aires mwaka 1955, Lucía akafuata mwaka 1961. Walianza kurekodi pamoja mwaka 1981 kwa jina la mmea mdogo wa majani, pimpinela, na albamu yao ya kwanza iliitwa Las primeras golondrinas, yaani mbayuwayu wa kwanza. Mwaka uliofuata ukaja wimbo wa mlangoni, na tangu hapo hawakuwa waimbaji wa mtaa mmoja tena.

Muziki walioingia ulikuwa tayari na wafalme wake. Wenyewe wanauita balada romántica: wimbo wa mapenzi wa mwendo wa taratibu, wenye vinanda na jeshi la fidla nyuma, uliochota kwenye bolero ya Cuba na Mexico na kwenye nyimbo za Kiitaliano za tamasha la San Remo. José José alikuwa akiwaliza watu Mexico, Camilo Sesto na Raphael wakitamba Hispania, Roberto Carlos akiimba kwa Kireno na Kihispania kutoka Brazili. Wote hao walikuwa mabingwa, na karibu wote walikuwa na desturi moja: anasimama mtu mmoja mbele ya kipaza sauti na kumwaga moyo wake. Anayelaumiwa hayupo. Ameondoka, au amelala, au yuko kwa mwingine. Wimbo ni barua ambayo msomaji wake hajulikani kama ataisoma.

Pimpinela walimwita mshtakiwa aje ajibu.

Inaonekana jambo dogo, lakini linabadilisha kila kitu. Chukua wimbo wa kawaida wa watu wawili: mwanamke anaimba ubeti wake, mwanamume wake, kisha kwenye kiitikio sauti zinapandana na wote wawili wanasema neno lilelile. Hata wakiimba kuachana, sikio linasikia maelewano, kwa sababu sauti zinazopatana zinatangaza kwamba wenye sauti nao wanapatana. Kuna na shida ya ufundi: sauti ya mwanamke na ya mwanamume kwa kawaida hazikai pamoja, hivyo ufunguo, yaani kimo cha sauti za wimbo, unaomfaa mmoja humbana mwenzake, na watunzi huhangaika kutafuta mahali pa katikati ambapo mara nyingi hapamfai yeyote. Ndani ya ugomvi shida hiyo inapungua sana. Hawahitaji kupandana. Mmoja anatupa neno, mwingine anarudisha, na kila mmoja anasema kwa sauti yake ya asili.

Sikiliza kiitikio cha wimbo wa 1982 kwa makini, hasa nafasi alizoachiwa Joaquín. Lucía ana mistari mirefu inayopanda: anataja jina, uso, nyumba, kisha macho, mikono, midomo, vyote avisahau. Joaquín anapata upenyo pale tu dada yake anapovuta pumzi. Humo anachomeka kwamba hajawahi kuweza kumwelewa. Kwenye upenyo mwingine, kwamba anajua huyo anadanganya. Vijisentensi vifupi vya mtu anayejaribu kuingiza mguu kabla mlango haujafungwa. Mwishoni mwa kiitikio Lucía anamwambia asahau yote, maana kwenye kusahau huyo mwanamume ana uzoefu. Hapo Joaquín hapewi upenyo wowote. Aliyepanga hivyo alijua kwamba ukubwa wa hatia unaweza kupimwa kwa kiasi cha hewa ambacho mtu anaachiwa.

Sisi tuna ngonjera. Mathias Mnyampala aliitengeneza miaka ya 1960 kama ushairi wa majibizano wa kuchezwa jukwaani, na waliosoma shule Tanzania wanazikumbuka: mmoja anakuja na ubishi wake, mwenzake anamjibu ubeti kwa ubeti, na mwisho mbishi anaelewa, anashukuru, wanaondoka pamoja. Ukitaka kumweleza Mswahili Pimpinela wanafanya nini, mwambie ni ngonjera ambayo mwisho wake umekatwa. Majibizano yapo, zamu zipo, hata ishara za mikono zipo. Lakini hakuna anayeelimika. Joaquín anapewa ubeti wa pili kujitetea, na utetezi wake una uzito: aliondoka akitafuta msisimko, hakuukuta, akagundua kwamba alichotaka alikiacha nyumbani. Ni maneno ya mtu aliyejuta kweli. Hayamsaidii. Mwanamke anasema kwaheri, anasema tena kwaheri, na wimbo unakwisha ulipoanzia, mlangoni.

Nirudi kwenye ile siku moja. Miaka miwili na siku moja: kwa nini isiwe miaka miwili tu? Jibu la haraka ni kwamba anayeumia huhesabu, na anayehesabu hufika hadi siku. Lakini katika Kihispania namna hiyo ya kuhesabu, miaka kadhaa "na siku moja", ina harufu ya mahakama. Hukumu za vifungo zimetamkwa hivyo kwa muda mrefu. Sina haja ya kudai kwamba watunzi walikusudia. Inatosha kwamba sikio la Kihispania linaweza kusikia mtu anayetaja kifungo alichokimaliza, na aliyemfunga anabisha hodi siku ya kwanza ya uhuru.

Na mahakama zinatufikisha kwenye sehemu ambayo wasikilizaji wa mbali huikosa. Mwaka 1982 Argentina ilikuwa nchi ambayo mke na mume waliweza kutengana lakini hawakuweza kuachana. Sheria ya ndoa ya mwaka 1888 iliruhusu kila mmoja akae kwake, ila hakuna aliyeruhusiwa kuoa au kuolewa tena mwenzake akiwa hai. Serikali ya Rais Juan Perón ilifungua njia ya talaka mwishoni mwa mwaka 1954. Perón akapinduliwa, na mwaka 1956 watawala wa kijeshi wakaifunga. Kwa miaka 30 iliyofuata watu waliishi na wenzi wapya ambao sheria haikuwatambua. Waliojiweza walitafuta karatasi za talaka na ndoa Mexico au ng'ambo ya mto, Uruguay, ambako talaka ilikuwepo tangu mwaka 1907, wakarudi nazo nyumbani ambako hazikuwa na nguvu. Novemba 1986 Mahakama Kuu ya Argentina ilitamka kwamba kumfunga mtu katika ndoa iliyokwisha ni kinyume cha katiba, na Juni 1987 Bunge likapitisha sheria ya talaka. Jirani zao wa Chile walisubiri hadi mwaka 2004.

Msomaji aliyekulia pwani, penye talaka, eda na mume kumrejea mke kabla eda haijaisha, huenda akaona hili ni geni. Msomaji Mkatoliki wa Moshi au Bukoba atalielewa mara moja: alichokiunganisha Mungu, mwanadamu asikitenganishe. Tofauti ni kwamba Argentina neno hilo lilikuwa pia ndani ya sheria za serikali, likamhusu hata asiyekanyaga kanisani.

Sasa usikilize tena wimbo ukijua hayo. Mwanamke anafunga mlango katika nchi ambayo, kama ni mke wa ndoa, hana hakimu wa kumwandikia kwamba ndoa imekwisha. Anajiandikia mwenyewe, kwa sauti, majirani wote wakisikia. Sisemi kwamba sheria ndiyo iliyoufanya wimbo upendwe. Mexico walikuwa na talaka tangu mwaka 1914 na waliupenda vilevile. Ninachosema ni kwamba palipozaliwa wimbo huu, kesi za namna hiyo hazikuwa na mahakama ya kuzimaliza, na Pimpinela waliziendesha hadharani kwa dakika nne, pande zote mbili zikisikilizwa. Ndiyo maana naona si haki kuwaita tu watu wa makelele, kama walivyoitwa na wengi walioidharau balada kwa kuiona muziki wa machozi ya rahisi.

Wimbo wao mwingine mkubwa wa miaka hiyo, A esa, unakwenda mbali zaidi. Jina lake maana yake ni "Kwa huyo", huyo mwanamke mwingine. Mke amegundua, na badala ya kumfuata mwizi wake anamtuma mume awe mjumbe. Aende akamwambie aje, nafasi ni yake: aje aondoe vyombo mezani, aje afue nguo, abebe na taabu zote za mwanamume huyu. Anayependwa nje anaona sehemu nzuri tu. Kazi yote imebaki nyumbani, na mke anaikabidhi kazi hiyo kama zawadi.

Anayejua taarab ya mipasho atatabasamu hapa, kisha atagundua tofauti. Kijembe cha taarab hakimtaji mtu. Mwimbaji anaimba, mwenye hasira anainuka kwenda kutunza, anacheza mbele ya anayemlenga, na aliyelengwa anajijua mwenyewe. Nguvu yake yote iko katika kutotaja. Pimpinela wanafanya kinyume: kila kitu kinatajwa, meza, nguo, wizi wa muda, na mume amesimama palepale akijitetea. Mpasho unamwumiza mtu bila kumpa nafasi ya kujibu. Hawa wamejenga kila kitu juu ya jibu. Siwezi kusema ipi ni bora. Mpasho mzuri una kisu kikali zaidi. Lakini majibizano yana jambo ambalo mpasho hauna, nalo ni kwamba unaweza kujikuta, katikati ya ubeti wa pili, unamwonea huruma mwenye kosa.

Tuje basi kwenye undugu. Wapenzi wa kweli wakiimba mapenzi, watazamaji hutafuta nyufa: wamekaa mbalimbali leo, hajamshika mkono, wamegombana? Na siku wakiachana kweli, nyimbo zao zinageuka mzigo, maana kila neno tamu linakuwa uongo. Watu wawili wasio na uhusiano wowote wakiimba mapenzi, watatungiwa uhusiano. Ndugu hawana mitego hiyo. Lucía anaweza kumtazama Joaquín kwa chuki ambayo mke hathubutu kumtazama mumewe mbele ya umati, kwa sababu hakuna kitakachovunjika. Wakishuka jukwaani bado mama yao ni mmoja.

Mtego mmoja ulibaki, ule wa kuimba mahaba. Tazama walivyouepuka: mgogoro ndio uliokuwa nyama ya kazi yao. Mlango, shutuma, kurudi kulikochelewa, mtu wa tatu. Mahali ambapo wapenzi wangekumbatiana, wao wanageuziana mgongo, na mwili wa kaka na dada unakaa mahali ambapo haumkeri mtu. Ugomvi ndio uliowapa ruhusa ya kuimba mapenzi. Na kana kwamba kumaliza ubishi wa mitaani, albamu yao ya mwaka 1983 waliiita Hermanos, yaani "Ndugu". Wako walioendelea kuamini kwamba ni mke na mume.

Linganisha na wawili wengine wa balada hiyohiyo, kizazi kimoja baadaye. Leonel García wa Mexico na Noel Schajris wa Argentina walijiita Sin Bandera, "Bila Bendera", kwa kuwa kila mmoja alikuwa na nchi yake. Albamu yao ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliwaletea Latin Grammy, tuzo kubwa ya muziki wa Kilatini, na nyingine ikafuata. Wote wawili ni watunzi, wote wawili waimbaji wakuu, sauti zao zikipandana kwa uzuri ambao Pimpinela hawakuutafuta kamwe. Walipokuwa juu kabisa waliachana, kila mmoja akashika njia yake, hadi waliporudi pamoja mwaka 2016. Sioni ajabu. Wakiwa wawili wanaoweza kila kitu, kila mmoja ni msanii kamili anayesubiri zamu yake. Lucía peke yake ni nusu ya mazungumzo, na Joaquín vilevile. Mmoja akiondoka, hodi inabishwa na hakuna wa kuuliza ni nani.

Kazi ya miaka 40 ina na mabonde yake. Kanuni ikishajulikana inachosha, na kuna nyimbo zao ambamo nasikia mashine ikizunguka: anashutumu, anakana, analipuka, kiitikio. Walitafuta njia za kuipanua. Katika Por ese hombre walimwingiza mwimbaji wa Kikatalani Dyango, ugomvi ukawa wa sauti tatu, na mizani ikabadilika maana sasa mwanamke yuko kati ya wanaume wawili wanaosikilizana. Miaka hiyohiyo ya 1980 Diego Maradona, ambaye hakuwa mwimbaji na hakujifanya kuwa mwimbaji, aliingia studio na kurekodi nao Querida amiga. Waliimba pia nyimbo zisizo na ugomvi hata kidogo, kama La familia, wimbo wa kuinua glasi kwa ajili ya watu wa nyumbani, na Buenos Aires jina lao limebaki pia kwenye makao ya watoto waliyoyaanzisha. Mwaka 2019 taasisi inayotoa Latin Grammy iliwapa tuzo yake maalumu kwa kazi ya maisha yao yote, mwaka uleule ilipomtunuku mwimbaji Omara Portuondo wa Cuba.

Lakini tukio linalonirudia zaidi ni la Novemba 2016, Las Vegas, kwenye jukwaa la Latin Grammy. Waimbaji Jennifer Lopez na Marc Anthony walisimama kuimba Olvídame y pega la vuelta kwa mapigo ya salsa. Hawa walikuwa mume na mke kweli: walioana mwaka 2004, wakatengana mwaka 2011, talaka ikakamilika mwaka 2014. Wana watoto mapacha. Kila mtu ukumbini alijua. Maneno waliyoyaimba kwanza ndugu wawili wa Buenos Aires, bila mmoja wao kuwahi kumfukuza mwenzake kitandani, sasa yaliimbwa na watu waliofungiana mlango kwelikweli. Waliimba vizuri, kwa ucheshi na ukaribu wa watu waliosameheana, na walipomaliza wakabusiana midomoni, ukumbi ukashangilia.

Wimbo ulikuwa umewashinda. Ukali wa mwaka 1982 haukuwepo, na haungeweza kuwepo, maana wawili hawa walikuwa na historia ya kulinda na watoto wa kulea; kumtazama mwenzako kwa chuki hadharani, hata kwa mchezo, kungewagharimu. Tazama baada ya hapo maonyesho ya akina Galán wakiwa wameshapita miaka 50. Muziki unatulia, Joaquín anasogea, na swali la mlangoni linaulizwa na Lucía pamoja na ukumbi mzima. Jamaa anajitaja. Anaambiwa amechelewa. Dada yake anamnyooshea kidole bila huruma hata chembe.